Kabla ya nano, kaa na kidonge kimoja

Kila mwaka wanafunzi wa ufamasia wa mwaka wa nne wakikaribia kumaliza, mlango wangu hugongwa na watatu wanne wenye ombi lile lile: "Dokta, nataka kubaki chuoni nifanye nano." Yaani teknolojia ya kufungia dawa ndani ya chembe ndogo mno. Huwauliza, nano ya dawa gani, na anayeimeza ni nani? Wengi hutazama sakafu. Siwacheki. Nami nilikuwa hivyo hivyo.

Nikiwa mkufunzi msaidizi niliandika andiko la uzamili la kufungia dawa ya kifua kikuu ndani ya chembe za PLGA, polima inayovunjika taratibu mwilini. Lilisomeka vizuri sana. Tatizo ni kwamba polima ilikuwa ya kuagiza nje, mashine ya kupima ukubwa wa chembe hatukuwa nayo, na fedha zote zingeishia kwenye gramu chache. Msimamizi wangu alilisoma mpaka mwisho, akalikunja, akasema: "Nenda maduka matano ya dawa, niletee mseto wa malaria, kisha uniambie unayeyukaje." Nilijiona nimeshushwa cheo.

Kama hujawahi kupima myeyuko, picha yake ni hii. Vyungu sita vya kioo, kila kimoja na mililita 900 za kimiminika cha nyuzi 37, joto la mwili. Kasia linazunguka taratibu. Unadondosha kidonge, na kila baada ya dakika kadhaa unachota mililita chache kwa sindano, unachuja, unarudishia kiasi ulichotoa. Chungu cha sita ukikifikia, cha kwanza kinakudai tena. Wakati wa lumefantrini, mojawapo ya dawa mbili za mseto, nililazimika kutia kitu mfano wa sabuni, maana kwenye maji matupu haiyeyuki.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini zahanati humwambia mama ampe mtoto maziwa au chakula chenye mafuta pamoja na mseto. Kwa watu wazima wenye afya, mlo wenye mafuta mengi unaweza kuongeza lumefantrini inayoingia kwenye damu hadi mara 16. Sasa mfikirie mtoto mwenye homa, anayetapika, asiyetaka hata uji. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa somo hilo bila kumfikiria mtoto huyo hata siku moja. Mwaka 2009 kampuni ya Novartis na MMV, shirika la dawa za malaria, walitoa mseto wa watoto unaosambaa kwenye maji kidogo, wenye ladha ya cheri. Dawa zilikuwa zile zile mbili. Kazi ilikuwa kwenye umbo na ladha, yaani kwenye fani yetu.

Nano yenyewe sina ugomvi nayo. Profesa Hulda Swai aliifanyia kazi kwa dawa za TB akiwa kwenye taasisi ya utafiti ya CSIR, Pretoria, kabla ya kuja Arusha, na swali lake lilikuwa la mgonjwa: anayemeza vidonge kila siku kwa miezi, je, anaweza kumeza mara moja kwa wiki? Ukiwa na swali la namna hiyo, karibu. Ila jiulize pia dawa yako itakaa wapi. AmBisome, dawa ya nano ya sindano inayotumika kutibu kala-azar, ugonjwa hatari wa vimelea, haitakiwi kuhifadhiwa juu ya nyuzi 25, na ugonjwa wenyewe upo hata Turkana, kaskazini mwa Kenya, kwenye joto kali. Kwa ukanda wetu wa joto na unyevu, uimara wa dawa hupimwa kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 65 au 75, kutegemea nchi. Weka kipimo hicho kwenye andiko tangu ukurasa wa kwanza.

Halafu kuna mambo ambayo hakuna somo linaloyafundisha. Ijumaa moja niliacha mashine ya HPLC, ya kupima kiasi cha dawa, ikiendelea na bafa ya fosfeti, kimiminika chenye chumvi, nikaenda harusini. Umeme ukakatika usiku. Jumatatu kolamu, bomba lake la kutenganishia dawa, ilikuwa imeziba kwa chumvi, na ndiyo kolamu pekee tuliyokuwa nayo. Nyingine ilifika baada ya miezi minne, muda ambao nilikuwa nasahihisha mitihani na kukwepa macho ya msimamizi. Aliyenifundisha kuisafisha kwa maji, kisha methanoli, kabla ya kuondoka alikuwa fundi sanifu wa maabara, na angenifundisha mapema kama ningemsalimia vizuri mapema.

Majarida yanayokuandikia barua pepe saa nane usiku kukusifia, yafute. Leseni yako ya ufamasia usiiache ife; mshahara wa mkufunzi msaidizi unaujua, na zamu za Jumamosi dukani ndizo zilizonionyesha ni dawa zipi watu hurudisha wakilalamika.

Mwezi uliopita mmoja wa wale wa nano alirudi na pakiti mbili za vidonge vya zinki vya watoto. Mtoto wa dada yake huvitema, anasema vina ladha ya kijiko. Tumemtafutia vyungu vitatu, vingine vitatu vina nyufa.