Kujihisi uko nje ya nafsi yako wakati wa msongo: jibu la mtu aliyeipitia

Ndugu yangu, pole sana. Umeuliza mambo matatu: kama unarukwa na akili, kama hii hali ya kujitazama mwenyewe kana kwamba ni mtu mwingine itaisha, na kama umweleze mkeo au ukae nayo kimya. Hali hiyo nimeishi nayo kwa muda mrefu, nikatibiwa, na leo naendelea na maisha yangu. Nitajibu kwa urefu kwa sababu wakati ule nilitamani sana mtu anieleze mimi hivi.

Kwanza, hurukwi na akili. Umeandika kwamba unatazama mikono yako, unajua ni yako, ila huihisi kuwa yako. Mtu aliyepoteza uhalisia hana ugomvi huo. Yeye angekwambia bila kusita kwamba mikono yake imebadilishwa, na angekushangaa wewe usiyeamini. Wewe unajua mambo yalivyo, na ndiyo maana unateseka. Daktari wa magonjwa ya akili akikuhoji ataangalia hapo hapo: je, unajua kuwa ni hisia tu? Ukijua, uko upande mwingine kabisa na huo wazimu unaouogopa.

Kwangu ilianza kipindi ambacho kazi ilikuwa imenielemea, nyumbani kuna mgonjwa, na usingizi ni wa kuokoteza. Nilikuwa kwenye kikao, nikaulizwa swali, nikasikia sauti yangu ikijibu. Majibu yalikuwa sahihi, watu wakaitikia, lakini mimi nilikuwa msikilizaji kama wao. Baadaye nikanawa mikono, maji ya moto. Nilijua ni ya moto, hata nikaitoa mikono haraka, ila ule moto ulikuwa kama taarifa niliyopewa na mtu. Kilichoniuma kuliko vyote ni mwanangu. Alikuwa akinikumbatia, nami najua nampenda, lakini upendo haufiki. Kama na wewe unapitia hilo, usijihukumu kwamba umekuwa na moyo wa jiwe. Upendo haujaondoka, umezibwa njia.

Kinachotokea ni hiki. Ukiwa hatarini mwili unajiandaa: moyo unakwenda mbio, pumzi zinaongezeka, misuli inakaza. Hofu ikizidi kiasi, ubongo hujikinga kwa kupunguza hisia, na wewe unabaki unaona kila kitu bila kuguswa nacho. Mwaka 1998 watafiti Mauricio Sierra na German Berrios walitoa maelezo kwamba sehemu ya mbele ya ubongo huzikandamiza zile sehemu zinazobeba hisia, huku umakini ukibaki juu. Ndiyo maana watu waliopata ajali wengi husimulia kwamba walijiona kwa mbali, wametulia. Kwenye ajali hali hiyo ni kinga, na hupita upesi. Kwenye msongo wa miezi, hatari haina mwisho, kwa hiyo na kinga nayo inang'ang'ania.

Halafu kuna pumzi. Mwenye wasiwasi huhema harakaharaka bila kujua, anatoa kaboni dioksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa, mishipa ya damu ya ubongo inabana. Unapata kizunguzungu, ganzi midomoni na kwenye vidole, na dunia inaonekana kama imesogea mbali. Ongeza kukosa usingizi. Ongeza bangi, ambayo wapo wengi iliwafungulia mlango huu na hawakuwahi kuutarajia. Kama unavuta, acha, na pombe usiifanye dawa.

Ukienda hospitali utasikia ikiitwa dipasonalizesheni, na pale mazingira ndiyo yanaonekana si halisi, dirializesheni. Si jambo geni: Mfaransa Ludovic Dugas aliiandika mwaka 1898. Mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, unasema takriban nusu ya watu wazima wamewahi kuipata walau mara moja, na wanaoipata kwa kiwango cha ugonjwa ni kama asilimia 2. Imo pia kwenye orodha ya dalili 13 za shambulio la hofu kali. Kwa hiyo watu unaopishana nao kila siku, wengi wanaijua. Hawaisemi kwa sababu kila ukijaribu kuieleza inasikika kama wazimu, ukaamua bora kunyamaza.

Sasa nije kwenye kitu ambacho ningependa ukishike hata ukisahau mengine yote. Kinachoirefusha hali hii ni kujipima. Unaamka, kabla hujakaa kitandani unajiuliza: ipo? Unajitazama kwenye kioo uone kama unajitambua. Unajifinya. Uko katikati ya mazungumzo mazuri, akili inachomoka kuangalia kama uko "ndani" au "nje". Na ukijitafuta namna hiyo huwezi kujikuta, hakuna anayeweza. Hata mtu mzima wa afya, mwambie atazame kioo kwa muda mrefu akijiuliza "huyu ni nani hasa?", ataanza kujiona mgeni. Wewe unalifanya hilo kutwa nzima, kisha unaogopa jibu, na hofu hiyo ndiyo inayoleta hali yenyewe. Mzunguko umekamilika.

Mwanasaikolojia aliyenisaidia hakunipa kazi ya kuifukuza. Alinitaka niandike kila ninapojipima, niandike tu bila kujilaumu. Nilishtuka kuona karatasi inavyojaa. Kisha akasema: ukijigundua unajipima, rudi kwenye kazi iliyo mkononi, hali iwepo au isiwepo. Nakumbuka nikipiga pasi shati huku najihisi niko mbali. Kola kwanza, upande wa ndani, halafu nje. Kunyoosha mshono wa bega, kukwepa kifungo. Sikuhisi chochote cha maana, na shati lilinyooka. Ukifanya hivyo mara nyingi, ubongo unaanza kuelewa kwamba hakuna janga hapa, na hofu inapungua chini kwa chini.

Yale mazoezi wanayoyasema watu, kutaja vitu unavyoviona, kushika kitu cha baridi, kukanyaga sakafu kwa nguvu, yanasaidia pale hofu imepanda juu. Mimi niliyafanya pamoja na kutoa pumzi taratibu, ndefu kuliko ya kuvuta. Lakini mtu akiyafanya kisha akajiuliza "haya, nimerudi?", amejipima tena, na hapo zoezi limegeuka sehemu ya tatizo. Fanya, kisha endelea na shughuli zako.

Je, itaisha? Kwa wengi inayokuja na msongo hupungua msongo ukipungua, kwa hiyo usingizi na mzigo wa kazi vishughulikie kama matibabu, maana ndivyo vilivyo. Usitegemee siku moja utarudi kwa kishindo. Kwangu hisia ya kwanza kurudi ilikuwa hasira, nimekasirishwa na jambo dogo tu, na niliifurahia hasira ile. Nikichoka sana hali hurudi kidogo; naijua sasa, haikai. Kuhusu dawa, hakuna iliyoidhinishwa mahsusi kwa tatizo hili. Madaktari mara nyingi hutibu wasiwasi au sonona iliyo chini yake. Vidonge vya kutuliza usijinunulie kwa kubahatisha.

Nenda kwa daktari mapema zaidi kama unapoteza fahamu, kama kuna vipande vya siku huvikumbuki kabisa, kama viungo vinatikisika au ulipigwa kichwa, au kama ndiyo mara ya kwanza na umeshavuka miaka 40. Kifafa cha aina fulani na kipandauso vinaweza kuleta hisia hizi hizi, na matibabu yake ni mengine. Kama nyuma yake kuna ukatili uliowahi kufanyiwa, mwambie anayekutibu, hilo lina njia yake. Na mawazo ya kujiua yakija, usisubiri miadi: nenda siku hiyo hiyo, na mtu akusindikize.

Kuhusu mkeo, mwambie. Usianze na jina la ugonjwa wala maelezo ya ubongo, hayo yatamtisha. Mimi nilisema hivi: "Nikiwa na wasiwasi mwingi hisia zangu zinakufa ganzi, najiona kama nipo mbali. Ukiniona kimya, sijakuchoka wala sijakukasirikia. Usiniulize kila saa kama imeisha, wewe nizungumzishe tu mambo ya kawaida." Hilo la kutouliza lisisitize, kwa sababu anayekupenda atataka kukupima kila akikuona, na kupimwa naye kunakurudisha kule kule kwenye kujipima.