Msimbo wa govi kubana: N47 au N47.1?

Dada, kwenye fomu ya bima andika N47 tupu, kama mnatumia ICD-10 (orodha ya misimbo ya magonjwa) ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Hiyo nukta moja ni ya toleo la Marekani la orodha hiyo, ambalo limegawa N47 vipande: N47.1 ni fimosisi (govi halivutiki nyuma), N47.2 ni parafimosisi (limevutwa likakwama nyuma ya kichwa cha uume). ICD-10 ya WHO inayaweka yote pamoja kwenye N47. Tofauti nyingine inayochanganya watu: kuvimba kwa govi pamoja na kichwa cha uume kwa WHO ni N48.1, kwa Wamarekani ni N47.6. Kwa hiyo kwanza angalia mfumo wenu unatumia toleo gani.

Nimejaza fomu za madai kwa miaka, na nyingi zilizorudi hazikuwa na kosa la msimbo, bali faili lilikuwa limeandikwa "govi, tohara" basi. Daktari aandike alichokiona: govi linavimba kama puto mtoto akikojoa, kuna kovu jeupe kwenye ncha, limeshapata maambukizi mara ngapi. Parafimosisi aandike na saa ilipoanza, maana ile ni dharura, damu inazuiwa.

Ila mtoto wa miaka miwili ambaye govi halijaachia tu, hana kovu wala maumivu, kwa kawaida si mgonjwa. Wazazi wakitaka tohara ya mila au dini, msimbo ni Z41.2. Tafadhali usimbandikie fimosisi ili bima ilipe. Rekodi hiyo itabaki kwenye faili lake.