Uliza alikunywa lini mara ya mwisho

Muuguzi mpya akija wodini, kuna swali ninalomwomba aliongeze anapompokea mgonjwa yeyote, hata aliyeletwa kwa mguu uliovunjika: "Mara ya mwisho kunywa ilikuwa lini, na saa ngapi?" Wengi wetu huuliza tu kama mgonjwa anatumia pombe. Naye hujibu "kidogo kidogo," tunaandika hivyo hivyo, faili linafungwa. Jibu hilo halimsaidii mtu. Kinachosaidia ni saa. Mwili uliozoea pombe kila siku huanza kuidai ndani ya saa 6 hadi 24 tangu glasi ya mwisho, na mtu aliyefungwa plasta hadi nyonga hawezi kutoka kwenda kuitafuta.

Nimefanya kazi na wagonjwa wa uraibu kwa muda mrefu, na jambo ambalo bado linawashangaza wenzangu ni hili: mara nyingi hatari haipo pale mtu anapotumia, ipo pale anapoacha. Familia hupumua, wauguzi wanapunguza macho, na hapo ndipo tunapompoteza.

Chukua pombe. Siku ya kwanza baada ya upasuaji mgonjwa ni mpole. Siku ya pili mikono inatetemeka, shuka limelowa jasho, mapigo ya moyo yanakimbia, usingizi hauji, anavuta dripu. Mmoja atasema ni maumivu, mwingine atasema ana homa, na yupo atakayesema ni mkorofi tu. Degedege ikija, mara nyingi huja kati ya saa 6 na 48. Kuweweseka kwenyewe, mtu akaona wadudu ukutani na kugombana na watu wasiokuwepo, huanza baadaye, kwa kawaida kati ya saa 48 na 96. Hali hiyo huua isipotibiwa. Kumfunga kamba kitandani si matibabu yake.

Tiba yenyewe haina maajabu. Tunatumia kipimo kinachoitwa CIWA-Ar, kinachoonyesha mwili unaidai pombe kwa ukali gani, chenye vipengele 10: kichefuchefu, kutetemeka, jasho, wasiwasi, kuona au kusikia visivyokuwepo, na vingine vya namna hiyo. Alama ya juu kabisa ni 67. Mgonjwa anapewa diazepamu, dawa ya kutuliza, au nyingine ya jamii yake kulingana na alama alizopata, kwa kiwango ambacho hospitali imejiwekea, kisha anapimwa tena. Neno kubwa hapo ni "tena". Kipimo kilichofanywa asubuhi na kurudiwa jioni hakina maana. Pia hakikisha amepata vitamini B1 kwa sindano, kabla ya dripu ya glukosi au pamoja nayo, kwa sababu ukosefu wa vitamini hiyo huweza kuharibu ubongo na kumwacha bila kumbukumbu maisha yake yote. Chupa moja ndogo ya dawa, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Ndugu wanaosoma hapa nawaomba kitu kimoja. Msimfungie chumbani mtu anayekunywa kila siku ili "aache kwa nguvu". Vivyo hivyo kwa mtu aliyemeza vidonge vya usingizi kwa miezi mingi: navyo haviachwi ghafla, vinapunguzwa taratibu chini ya uangalizi, la sivyo degedege linaweza kumkuta nyumbani.

Heroini ina mtego tofauti. Arosto yake, yaani hali ya mwili kuidai dawa iliyokosekana, ni mateso: mifupa inauma, tumbo linakatika, kamasi na machozi, vinyweleo vimesimama. Lakini kwa mtu mzima mwenye afya ya wastani, anayepewa maji ya kutosha, arosto yenyewe ni nadra kuua. Kinachoua ni wiki zinazofuata. Akitoka hospitalini, gerezani au kwenye nyumba ya kuacha dawa, mwili wake umeshasahau kile kiwango cha zamani. Akirudia siku moja tu kwa kipimo alichokizoea, pumzi inakata. Kwa hiyo simruhusu mgonjwa aondoke akiwa na pongezi peke yake. Namwambia waziwazi, mbele ya mtu anayemwamini ikiwezekana: "Sikuombei urudie. Ila ukirudia, kipimo chako cha zamani kitakuua. Na usitumie ukiwa peke yako."

Wapo wanaoniambia kwamba kusema hivyo ni kumpa ruhusa. Sikubaliani nao. Mtu anayetaka kutumia hahitaji ruhusa yangu, anahitaji kuwa hai kesho yake ili tuendelee kuzungumza.

Panapopatikana naloksoni, dawa ya kumzindua mtu aliyezidiwa na heroini au dawa za jamii yake, fundisha familia kuitumia. Inapuliziwa puani au kuchomwa kwenye msuli, na huanza kufanya kazi ndani ya dakika chache. Wasilolijua wengi ni kwamba nguvu yake hudumu takriban dakika 30 hadi 90, wakati dawa iliyomzidi inaweza kukaa mwilini muda mrefu zaidi, hasa ikiwa ni methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa waraibu wa heroini badala yake. Mtu anazinduka, anakasirika, anataka kuondoka, na baada ya saa moja pumzi inazama tena. Asiachwe. Alazwe ubavu, ahesabiwe pumzi, na msaada wa hospitali uitwe hata kama amesema yuko sawa.

Kuhusu methadoni, nimechoka kusikia kwamba "mnabadilisha uraibu kwa uraibu". Tiba hii ilianza kuandikwa na madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander huko New York mwaka 1965, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliziweka methadoni na buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo, kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Mtu anayekunywa dozi yake kila siku haamki na arosto ya asubuhi wala hatafuti sindano ya kushirikiana. Anapata nafasi ya kufanya kazi na kulala. Hilo kwangu latosha.

Ila dirisha la dawa si mahali pa kugawa vikombe huku unaangalia simu. Mtazame usoni kabla hujampimia. Anasinzia akiwa amesimama? Ananuka pombe? Usimpe, mwite daktari. Amekosa siku 3 au zaidi? Dozi ile ile aliyoacha inaweza sasa kuwa kubwa mno, inabidi apimwe upya. Hakikisha amemeza, mpe maji, mfanye aseme neno. Buprenofini nayo ina kanuni yake: dozi ya kwanza isubiri arosto ionekane wazi, kwa heroini angalau saa 12 tangu alipotumia, vinginevyo dawa yenyewe itamwangusha kwenye arosto kali na hatakuamini tena. Na akilazwa kwa ajali au upasuaji, methadoni yake ya kila siku si dawa ya maumivu. Apewe dozi yake kama kawaida, halafu maumivu yatibiwe juu yake kama ya mgonjwa mwingine yeyote. Kumnyima kwa sababu "anataka kulewa" ni ukatili, hata ukivaa sura ya tahadhari.

Sasa mazungumzo, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Mahubiri hayafanyi kazi. Mgonjwa anayajua yote, ameshayasikia kwa mama yake, kwa mkewe na kwa mwajiri. Mwanasaikolojia William Miller aliandika mwaka 1983 kuhusu namna nyingine ya kuzungumza na watu wanaokunywa, ambapo sababu za kubadilika zinatoka mdomoni mwa mgonjwa mwenyewe, na mimi sijapata kitu bora kuliko hicho. Mfano ninaoutumia sana:

"Kaka, kutoka 0 hadi 10, kuacha ni muhimu kwako kiasi gani?"

"Labda 4."

"Kwa nini 4, na si 1?"

Hapo hunyamaza kidogo, halafu huanza kutaja mtoto, kazi, kikohozi, aibu ya siku fulani. Ukimuuliza kwa nini si 9, atakutajia sababu za kuendelea kutumia, nawe utakuwa umemsaidia kujitetea. Baada ya swali hilo nyamaza. Wauguzi tuna haraka ya kuziba ukimya kwa ushauri.

Upande wa kinga, kipimo ninachokipenda ni AUDIT, dodoso la unywaji pombe la Shirika la Afya Duniani. Maswali 10, alama 0 hadi 40, na kuanzia 8 ujue unywaji umeshaanza kuwa wa hatari. Wengi wanaofikia 8 hawajawa waraibu bado, ndiyo maana inafaa kuwakuta hapo, kliniki ya shinikizo la damu au ya mama wajawazito. Mazungumzo ya dakika 5 hadi 15 yasiyo na lawama yanaweza kupunguza unywaji wa mtu wa aina hiyo. Kwa mraibu kamili hayatoshi, na tusijidanganye.

Kinga nyingine iko kwenye mfuko wa dawa anaoondoka nao mgonjwa. Mgonjwa akipewa dawa kali ya maumivu, mweleze ataitumia siku ngapi na ataiacha vipi, na vidonge vitakavyobaki avirudishe kwenye duka la dawa badala ya kuviweka kabatini, mahali ambapo kijana wa nyumbani atavikuta. Tumbaku tunaisahau kabisa, kana kwamba haihusiki. Mvutaji aliyelazwa naye yuko kwenye arosto, na bandiko la nikotini linaweza kumtuliza kuliko dawa ya usingizi.

Atarudia? Huenda. Kurudia katika uraibu huwapata takriban asilimia 40 hadi 60 ya wanaotibiwa, kiwango kisicho mbali na cha wagonjwa wa pumu au shinikizo la damu ambao dalili zao hurejea, na hakuna anayemfukuza mgonjwa wa pumu kwa kubanwa tena kifua. Akirudi mlangoni, usianze na "tulikwambia". Muulize ametumia nini, kiasi gani na lini mara ya mwisho, mpime, kisha mpangie miadi ya karibu kuliko ile ya zamani. Na kabla hajaondoka, omba namba ya simu ya mtu wa pili, kwa kuwa ya kwake mwenyewe mara nyingi itakuwa imeshauzwa pamoja na simu.