Tuanze na simu ya babu

Wiki hii mmeuliza: je, mzazi amnyime mtoto simu ili awe salama mtandaoni? Mimi ni wakala wa fedha hapa Tandahimba, na kwa ninayoyaona dirishani, jibu langu ni hapana. Wanaolizwa huku wengi ni watu wazima, hasa minada ya korosho ikishaanza mwezi wa kumi na malipo ya wakulima yakianza kuingia.

Mzee anapenyeza simu dirishani: "Mjukuu wangu, nitolee laki mbili, namba ya siri ni..." na anaitaja kwa sauti, foleni nzima inasikia. Namrudishia, "Babu, bonyeza mwenyewe." Wengine hununa, wanaona nimewadharau. Na namba yenyewe mara nyingi ni mwaka wa kuzaliwa, ambao umeandikwa kwenye kadi ya NIDA (kitambulisho cha taifa) aliyoifunga na simu hiyohiyo kwa mpira.

Wenye simu janja nao wana lao. Mtu akilipwa, anapiga picha karatasi ya malipo yenye jina, kilo na namba ya akaunti, anairusha kwenye grupu la kijiji. Sifa tu! Tapeli anapiga akiwa na majina yako matatu na kilo zako, anajiita karani wa chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima: malipo yako yamekwama, nitajie tarakimu zilizoingia sasa hivi kwenye simu yako. Ukizitaja, umemfungulia akaunti yako. Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" watu wameshaizoea. Huyu anayekujua hadi kilo ndiye anayetumaliza.

Mtoto ndiye anayemsomea bibi meseji, kwa hiyo afundishwe yeye. Namba ya tapeli aitume 15040, ndiko TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanakopokea taarifa hizo. Amsaidie bibi kubonyeza *106# waone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Wasiyoitambua, waende kwa mtoa huduma ikafungwe. Ila namba ya siri ya bibi asiijue hata yeye.

Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015, lakini hela ikishatolewa upande wa pili, kuirudisha ni kazi. Ndiyo maana nawaomba viongozi wa vyama vya msingi, ambao wengi wenu ndio ma-admini wa magrupu hayo: picha ya karatasi ya malipo ikiingia, ifuteni papo hapo, hata kama aliyeituma ni mwenyekiti.

Wakala, Tandahimba, Mtwara