Maswali ya Wasomaji: Shokapu ya Nyuma ya Pikipiki Kuukuu

SWALI: Ninamiliki Suzuki SV650S ya mwaka 2001 niliyoinunua ikiwa imetumika. Nikiwa na koti na helmeti uzito wangu hufika kilo 95, na mara nyingine humpakia mke wangu tunapotoka Morogoro kwenda Dar es Salaam. Kwenye matuta sehemu ya nyuma hushuka hadi kugonga, kisha huinuka na kuendelea kunesanesa. Fundi aliikaza springi hadi hatua ya mwisho, lakini sasa pikipiki inanirusha kutoka kwenye siti. Rafiki ananiuzia shokapu iliyotumika ya Suzuki nyingine, GSX-R750, na anadai inaingia bila shida. Je, niichukue, ninunue mpya, au niitengeneze hii niliyo nayo? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Shokapu ina kazi mbili ambazo fundi wako amezichanganya. Springi hubeba uzito. Oili iliyo ndani hupunguza kasi ya kubonyea na ya kurudi juu. Kunesanesa baada ya tuta ni dalili ya oili iliyochoka au gesi iliyovuja, na hakuna kiasi cha kukaza springi kitakachoiponya. Tena, kukaza springi hakuifanyi iwe ngumu zaidi, bali huinua tu sehemu ya nyuma ya pikipiki. Toleo la kwanza la SV650, lililotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2002, halina skurubu ya kurekebisha oili upande wa nyuma, kwa hiyo fundi alishika kitu pekee kinachozungushika.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, pima. Omba watu wawili wakusaidie kuinua nyuma mpaka gurudumu lining'inie, kisha pima kutoka katikati ya ekseli hadi alama uliyoweka kwenye fremu au bodi juu yake. Ishusheni chini, pima pikipiki ikiwa peke yake. Kisha panda ukiwa na mavazi yako yote ya safari, mmoja akiishika isianguke, na pima tena. Kwa matumizi ya barabarani, pikipiki ikiwa na mpandaji inafaa iwe imeshuka milimita 30 hadi 40 kutoka kile kipimo cha kwanza, na ikiwa peke yake milimita 5 hadi 15. Viungo vikuukuu hukwama kidogo, kwa hiyo kila kipimo kichukue mara mbili, mara moja baada ya kukandamiza siti na kuiachia, mara ya pili baada ya kuinyanyua na kuiachia, halafu tafuta wastani.

Namba hizo mbili zisomwe pamoja. Ukirekebisha mpaka ukapata milimita 35 ukiwa umepanda, lakini pikipiki ikiwa peke yake haishuki kabisa, springi hiyo ni laini mno kwa uzito wako. Ninashuku ndivyo ilivyo kwako, kwa sababu SV650 ilitoka kiwandani na springi inayomfaa mtu mwepesi kuliko wewe, achilia mbali watu wawili. Ndiyo maana pia unarushwa: springi iliyokazwa hadi mwisho inasukuma juu kwa nguvu, oili haina uwezo wa kuizuia, na shokapu haina tena nafasi ya kunyooka gurudumu linapoingia kwenye bonde.

Shokapu ikishatolewa, usikimbilie kufunga nyingine. Viungo vinavyoiunganisha na mkono wa gurudumu vina beringi za sindano ambazo, baada ya miaka zaidi ya 20 ya mvua, vumbi na maji ya kuoshea, mara nyingi huwa zimekauka grisi na kushika kutu. Nimekwisha kuona watu wakiilaumu shokapu nzima kwa kosa la beringi zilizokwama. Zitoe, zisafishe, badilisha zilizolika pamoja na sili zake, paka grisi ya kutosha, na kaza bolti kwa spana ya kupimia mkazo kulingana na kitabu cha pikipiki. Kazi hiyo haina fahari yoyote, lakini bila yake shokapu ya bei kubwa itafanya kazi nusu.

Sasa kuhusu ile ya GSX-R750. Rafiki yako hasemi uongo: wenye SV650 wengi Uingereza na Marekani wamefunga shokapu za GSX-R, nazo zina faida ya skurubu za kurekebisha kubonyea na kurudi. Hata hivyo, jina peke yake halitoshi, kwani shokapu hizo hutofautiana mwaka hadi mwaka kwa urefu, kwa upana wa sehemu ya chini na kwa mahali lilipo tangi dogo la gesi. Linganisha urefu kutoka katikati ya tundu la juu hadi la chini. Kwa kuwa gurudumu husogea takriban milimita mbili hadi tatu kwa kila milimita moja ya shokapu, tofauti ya milimita 5 huinua nyuma kwa milimita 10 hadi 15, ikaufanya usukani uwe mwepesi kugeuka na wakati mwingine mwepesi kupita kiasi. Ifunge kwanza bila springi na uinue gurudumu hadi mwisho ili uone kama kuna kinachogusana. Springi yake nayo ilichaguliwa kwa viungo vya GSX-R, si vya SV, hivyo vipimo nilivyoeleza virudiwe upya.

Pingamizi langu kubwa ni umri. Ikiwa hiyo nayo ina miaka 20 na haijawahi kufunguliwa, utabadilisha uchovu kwa uchovu. Bei yake ina maana ikiwa tu unaye mtaalamu wa kuifanyia ukarabati. Kama huna, ningenunua shokapu mpya ya daraja la kati iliyotengenezwa kwa ajili ya SV650, kwa mfano kutoka YSS ya Thailand au Hagon ya Uingereza, na kumweleza muuzaji uzito wako na wa mkeo ili akupe springi inayostahili. Öhlins ya Sweden ni bora zaidi, lakini kwenye pikipiki yenye shokapu za mbele zilizo laini tangu kiwandani, fedha hiyo ya ziada ingefaa zaidi kununulia springi na oili mpya za mbele.

SWALI: Fundi wangu anataka kufungua shokapu ya Honda CBR600F yangu abadilishe oili, kisha aijaze upepo wa kompresa kwa sababu hana naitrojeni. Nimruhusu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Usimruhusu. Gesi ya naitrojeni iliyomo huwa na shinikizo la baa 10 hivi au zaidi, na asiyeitoa kwanza anaweza kurushiwa vipande usoni. Upepo wa kawaida una unyevu na oksijeni vinavyoharibu oili na chuma, na kompresa nyingi za gereji hazifikii shinikizo hilo. Mashine za naitrojeni za maduka ya matairi nazo kwa kawaida hazitoshi. Unahitajika mtungi wa naitrojeni wenye rekuleta, yaani kifaa cha kudhibiti shinikizo. Mwulize pia ni oili gani anayokusudia kuweka. Akitaja ya injini, chukua shokapu yako uondoke.