Mwanangu, Umeniuliza Bunduki

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Kisauni. Mama yako hajambo. Ami yako yuko pale pale kibarazani, mguu ameunyoosha kama unavyomjua, na ameniambia nikusalimie kabla sijaandika lolote lingine.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema mafunzo ya uwindaji yanakwisha, kampuni ya kuwindisha wageni ya huko Arusha inataka uje na bunduki yako mwenyewe, na pesa ulizonazo ni za moja tu. Ukauliza: "Baba, bunduki moja ya kuwindia kila kitu, kuanzia swala hadi nyati, ninunue ipi?" Ukataja .30-06 mpya, .375 iliyokwisha kutumika, na ile .458 anayoisifu rafiki yako, majina yanayotokana na unene wa risasi kwa inchi.

Bunduki ni bega kwanza, risasi baadaye. Umelisikia hili tangu ulipokuwa ukichukua ile fimbo yangu ya kusafishia mtutu nyuma ya mlango na kuifanya upanga. Bado nalishikilia.

Ya sheria ni mafupi. Kanuni za huko haziruhusu nyati kupigwa kwa chini ya .375, basi .30-06 imejitoa yenyewe, nami naiaga kwa huzuni. Imekuwako tangu 1906, na kwa swala, kuro, kongoni, hata ngiri anayekimbia, sijaona ya kuilaumu. Watakuja wa kukutajia W. D. M. Bell, yule mwindaji wa tembo wa zamani, kwamba aliua tembo kwa mamia na risasi nyembamba za milimita 7. Ni kweli. Lakini Bell alipasua vichwa vya tembo ajue ubongo umekaa wapi, ndipo akawa anapiga hapo. Wewe hujapasua kichwa cha yeyote.

Sasa .375. Hii naijua kwa mikono. Ilitoka Uingereza mwaka 1912, na bwana mwindaji tuliyemfanyia kazi, mimi na ami yako, alikuwa nayo moja kuukuu, rangi ya mtutu imekwisha pale mkono unaposhika. Risasi yake ya gramu 19 huenda kama mita 760 kwa sekunde, na kwa mwendo wa kuwindia hushuka karibu sawa na ile ya .30-06, kwa hiyo jicho halina somo jipya la kujifunza. Ukitia risasi laini, inayopanuka ikigonga, unapiga pofu, yule mnyama mkubwa kama ng'ombe. Ukitia ngumu unampiga hata paa, inapita tundu dogo na nyama inabaki nyama. Tulipokuwa tukishuka Mombasa kungoja wageni niliifuta kila jioni, maana chumvi ya hewa yetu huanza kula chuma usiku mmoja. Bolti yake, kile chuma cha kusukuma na kuvuta kinachoingiza risasi kwenye chemba nyuma ya mtutu, ilikuwa ya aina ya Mauser, yenye ule ukucha mpana unaokamata tako la risasi tangu inapochomoka kwenye magazini na kutoiachia mpaka ganda litupwe nje. Kumbuka ukucha huo, nitaurudia.

Mwaka 1976, nyuma ya mlima Kasigau, alikuja mgeni na .458 mpya kabisa. Jioni ya kwanza alipima shabaha kwenye gogo. Wote walitazama gogo. Mimi nilikuwa upande, nimeshika risasi, nikamtazama uso. Kabla ya kila mlio macho yalikuwa yamekwisha kufumba na bega limekwisha kusukuma mbele. Akapiga tatu, akasema inatosha. Mbili zilipata gogo, watu wakafurahi.

Nikanyamaza.

Asubuhi alimpiga nyati wa matumbo. Tukamfuata saa nne nzima, ami yako mbele akisoma nyayo, mimi nyuma yake na .375 ya bwana. Kichaka kilikuwa kizito, ukinyoosha mkono huuoni. Nyati alikuwa amezunguka, anatungoja ubavuni mwa njia yake mwenyewe. Alipotoka, mgeni alisukuma bolti, akaogopa, akairudisha nusu, akaisukuma tena. Bolti yake haikuwa na ule ukucha mpana. Risasi ya kwanza ilibaki ndani ya chemba, ya pili ikaigonga nyuma, zikakwama. Bwana aliipokea .375 mkononi mwangu akapiga mbili, nyati akaanguka, lakini alianguka baada ya kumpitia ami yako. Goti lake unalijua.

Miaka mingi niliilaumu bolti. Nilimwambia kila aliyenisikiliza kwamba nunua ya ukucha, ya ukucha, ya ukucha. Na sijakosea, hata leo nitakwambia hivyo hivyo. Ila bolti haikumpiga nyati matumbo. Yalikuwa macho, na macho niliyaona mimi peke yangu. Nilijiambia mbeba bunduki hana ruhusa ya kumsemea mgeni. Lakini bwana wetu alikuwa mtu wa kusikia. Ningemnong'oneza wakati wa chai tu, angempa mgeni ile .375, maana teke lake begani si zito kama la .458.

Mei 1977 serikali ikafunga uwindaji, nami nikaenda kubeba mizigo Kilindini. Ami yako hajawahi kuniuliza nilichokiona jioni ile. Nilimwambia mwenyewe, mwaka uliozaliwa wewe. Alinyamaza kitambo, kisha akaniomba maji.

Basi .458 iache, hilo sizunguki. Zaidi ya hapo sitaki kukuamulia. Ningekuwa mimi... lakini mimi si wewe, una mikono mifupi ya mama yako, na .375 hupiga teke karibu mara mbili ya .30-06. Pengine itakushinda. Sidhani, lakini pengine.

Kabla hujatoa pesa, mwombe muuzaji uipige risasi kumi, kwa kusimama, siyo kwa kuegemea meza. Mchukue mwenzako unayemwamini akutilie yeye risasi, na katikati achanganye za bandia mbili bila wewe kujua ziko wapi. Ikifika ya bandia, mtutu ukiinama ilhali hakuna mlio, utakuwa umejiona. Na huyo mwenzako mwambie akutazame usoni, shabaha aiache.

Halafu kunja mkono, pima kutoka kunjo la kiwiko hadi fundo la kwanza la kidole cha kufyatulia, unitumie kipimo. Kitako kikiwa kirefu hukatwa, na namkumbuka fundi wa kazi hiyo huko kwenu, kama yu hai. Ami yako anataka kujua kama ile .375 uliyoiona ina ukucha. Ametuma nikuulize mara mbili.

Baba yako