Anti, nataka kupanda mlima peke yangu

Tangu niwaambie kwamba likizo yangu ya Julai niliimalizia juu ya Lupanga, kwenye Milima ya Uluguru, ujumbe haukatiki. Leo najibu wachache.

Shikamoo anti. Nipo Tabata, nina likizo ya siku nne na sina wa kwenda naye. Siku moja inatosha?

Marahaba. Ya kupanda inatosha, ila usitoke Dar alfajiri ukategemea kupanda siku hiyohiyo. Panda treni ya SGR jana yake, ulale Morogoro. Ilipoanza mwaka 2024 nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000, na safari haifiki saa mbili. Stesheni iko nje kidogo ya mji, weka na hela ya bajaji. Lupanga ina mita 2,138, mji uko kwenye mita kama 500. Piga hesabu: unapanda mita zaidi ya 1,600, halafu unazishuka zote kwa magoti yaleyale. Saa 12 asubuhi uwe njiani.

"Peke yako" ni bila hata mwongozaji?

Hapana, hapo tusielewane vibaya. Ule msitu ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Unalipia kibali na unakwenda na mwenyeji. Nikisema peke yangu nina maana hakuna rafiki wa kunilalamikia wala wa kumsubiri apige picha.

Mara ya kwanza nilijifanya mjuaji. Huku chini vijia vinapita mashambani mwa watu, na kila kimoja kinaishia nyumbani kwa mtu. Nikatokeza uani kwa bibi mmoja anapepeta maharage. Wala hakushangaa. Alinyoosha ungo kule nilikotoka: "Mlima uko huko, mwanangu." Akaendelea kupepeta.

Binti yangu wa miaka 24 anataka kwenda mwenyewe. Moyo hautulii. Nimzuie? (Mama, Mbagala)

Shikamoo mama. Usimzuie, muulize saa yake ya kugeuka. Yangu ni saa 7 mchana. Ikifika, hata kilele kiwe puani, nageuza. Jua linazama kwenye saa 12 na nusu jioni, na ndani ya msitu giza huwa limeshatangulia.

Safari yangu ya pili ilikuwa Novemba, mvua za vuli. Saa 7 ikatukuta njiani, mwongozaji ananiambia "bado kidogo". Bado kidogo ya Mluguru na ya mtu wa Dar ni vitu viwili tofauti. Nikageuka, nimenuna. Saa 9 mvua ikashuka, udongo ukawa sabuni, na kipande kizima nilikishuka kwa makalio. Kununa kuliisha hapohapo.

Basi akuachie jina la nyumba ya wageni, namba ya mwongozaji na saa atakayokupigia. Asipopiga, piga wewe.

Raba za mtumba zinafaa?

Zinafaa sana, zangu ni za soko la Karume. Igeuze uangalie soli: kama meno yameisha, mwachie muuzaji. Chukua iliyozidi kidole kimoja na ukate kucha, maana wakati wa kushuka vidole ndivyo vinavyogonga mbele.

Nikiugua kwa urefu wa mlima?

Kwa Lupanga ondoa shaka. Hayo huanza zaidi ukipita mita 2,500. Kilimanjaro, mita 5,895, ndiyo ya kuogopa, na kilele chake si cha siku moja.

Ukweli anti, kule juu kuna nini?

Ukungu. Nilikuwa nimejiandaa kuiona Morogoro yote, nikaona miti iliyovaa kuvu la kijani na mgongo wa mwongozaji. Juu kuna baridi kuliko mjini kwa nyuzi kama kumi, nilitafuna chapati huku meno yanagongana. Nimeinama kufunga kamba ya kiatu, matone ya kwenye kuvu yakaniingia shingoni, moja baada ya jingine. Mwongozaji akacheka: "Hayo ndiyo mnayokunywa Dar." Kweli, mto Ruvu unaanzia kwenye milima hiyo, na mabomba yetu yanautegemea.

Kesho yake jioni nikafika nyumbani Kimara, matope hadi masikioni. Nikafungua bomba nioge. Likakohoa mara mbili, likanyamaza.